Somo la Gari: Taa za Mbele Zinazojiwasha Zenyewe, na Namna ya Kutafuta Ubovu Wake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za kuchuma, kuchambua na kuanika. Leo twaomba ruhusa tuzungumze habari za gari, kwani karafuu haifiki kituo cha ununuzi kwa miguu yake. Siku hizi wengi katika sisi, kila mtu peke yake au kwa kuchanga watu watatu wanne, tumenunua pikapu zilizokwisha kutumika Japani. Gari hizo huja na mambo ambayo pikapu za wazee wetu hazikuwa nayo. Moja katika hayo ni taa za mbele zinazojiwasha zenyewe giza likiingia, na kujizima zenyewe kukipambazuka.

Jambo hili ni jema. Lakini jambo jema likiharibika humdhuru zaidi yule aliyelitegemea. Hayo tumeyaona wenyewe, na kwa kuwa kosa lilikuwa letu, twalieleza hapa bila ya kuficha.

MKASA WETU

Msimu mmoja, pikapu tuliyokuwa tukiitumia kwa shughuli za wanachama ilianza ugonjwa wa taa. Jioni nyingine zikiwaka kama desturi, jioni nyingine zikikataa. Tukaipeleka kwa fundi. Akasema globu zimekwisha. Tukanunua globu mbili. Siku mbili taa zikawaka, siku ya tatu zikakataa. Akasema betri imechoka, tukanunua betri. Ubovu ukabaki pale pale.

Kisha ikaja jioni ambayo hatuisahau. Tulikuwa tukirudi kutoka shamba na magunia nyuma, na juu ya magunia wachumaji saba. Dereva alitazama dashibodi, akaona inang'aa. Alitazama mbele, akaona mwanga mdogo njiani. Akadhani taa zote zimewaka. Kumbe taa kubwa zilikuwa hazikuwaka, na nyuma ya gari palikuwa giza tupu. Gari iliyokuwa ikitufuata ilituona ilipokuwa imeshakaribia kutugonga, na dereva wake akaitia majanini ili asitugonge. Aliteremka, wala hakututukana. Alisema tu: "Mabwana, nyuma yenu hamna taa hata moja, na juu mmepakia watu."

Tulinyamaza, kwani hatukuwa na la kujibu.

Kesho yake fundi mwingine, mtu mzima, alikuja. Kabla ya kufungua hata skrubu moja alituuliza: "Zikikataa kuwaka zenyewe, mkiwasha kwa mkono huwaka?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejaribu. Tukajaribu, zikawaka zote, mbele na nyuma. Akacheka, akasema: "Basi globu zenu zilikuwa nzima, na betri yenu nzima. Fedha yenu mmeitupa." Ubovu ulikuwa kwenye plagi moja ndogo chini ya dashibodi, iliyolegea tangu siku ilipobadilishwa redio. Gari ikitikisika katika mashimo, plagi hugusa au huacha kugusa.

Somo la leo lote ni lile swali la mzee yule. Tukilishika, tutaokoa fedha, na huenda tukaokoa roho za watu.

TAA HIZI HUFANYAJE KAZI?

Tufikirie sakafu ya kuanikia. Pana mlinzi mmoja ambaye kazi yake ni kutazama mbingu. Akiona wingu la mvua huita, na vijana wakakimbia na turubai wakazifunika karafuu. Mlinzi hafuniki, na vijana hawatazami mbingu. Kila mmoja ana kazi yake.

Katika gari, mlinzi ni kitu kidogo cheusi, mfano wa kifungo au nusu ya gololi, kilichowekwa juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Katika gari nyingine kimebandikwa juu kwenye kioo chenyewe, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Mafundi hukiita sensa. Sisi katika somo hili tutakiita jicho. Jicho lapima mwanga wa nje na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Giza likitosha, kompyuta hutoa amri.

Vijana wenye turubai ni njia ya umeme: betri, fyuzi, rilei, waya, globu, na njia ya kurudia kupitia bodi ya gari, ambayo mafundi huiita ethi. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa taa. Katika gari nyingine mpya rilei haionekani peke yake, maana kazi yake imo ndani ya kompyuta.

Sasa tuseme mvua imenyesha na karafuu zimerowa. Nani mwenye kosa, mlinzi au vijana? Huwezi kujua kwa kununua turubai jipya. Utajua kwa kutoka wewe mwenyewe na kuita. Vijana wakija mbio, basi mlinzi ndiye aliyelala. Wasipokuja, wao ndio wagonjwa.

Kuita mwenyewe, katika gari, ni kuzungusha swichi kwa mkono.

Yafaa pia tujue desturi ya taa hizi tusije tukaita ubovu kitu kisicho ubovu. Japani iliweka sheria kwamba gari ndogo za aina mpya zitokazo kiwandani tangu Aprili 2020 ziwe na taa za kujiwasha. Kwa sheria hiyo, mwanga wa nje ukishuka chini ya lux 1,000, taa ziwake katika muda wa sekunde 2. Mwanga ukipanda juu ya lux 7,000, taa zizimike baada ya sekunde 5 mpaka 300. Lux ni kipimo cha mwanga. Jua kali la mchana laweza kufika lux 100,000. Kwa hivyo taa huwaka upesi lakini huweza kuchelewa kuzimika hata dakika 5, na hiyo ni makusudi, zisije zikawaka na kuzimika chini ya kila mti. Tena katika gari za sheria hiyo, dereva hawezi kuzizima taa kubwa gari ikiwa inakwenda gizani. Huo nao si ubovu. Gari za kabla ya hapo hufuata desturi ya kiwanda chake.

JARIBIO LA KWANZA: MKONO

Fanya jaribio hili jioni, gari ikiwa imesimama mahali tambarare mbele ya ukuta, mashine ikiunguruma, mawe yamewekwa magurudumuni. Awe na wewe mtu wa pili wa kutazama nyuma.

Zungusha swichi itoke penye neno AUTO mpaka kwenye alama ya taa kubwa. Usiseme lolote mpaka umezitazama zote: dimu kulia na kushoto, fuli kulia na kushoto, na taa za nyuma. Matokeo ni moja katika haya matatu.

1. Zimewaka zote. Basi njia ya umeme ni nzima, na ugonjwa uko kwa mlinzi. Soma fungu la A. Usinunue globu wala betri.

2. Haikuwaka hata moja. Basi ugonjwa uko katika njia ya umeme ambayo taa zote hupitia. Soma fungu la B.

3. Imewaka ya upande mmoja tu, au dimu imekataa na fuli imekubali. Basi ugonjwa uko katika tawi la njia, si katika shina. Soma fungu la B, na uanze na globu ya upande ule.

Jaribio hili halichukui dakika 5, wala halina gharama. Sisi tulilipa globu mbili na betri kwa sababu ya kutolifanya.

FUNGU LA A: MLINZI AMELALA

Kwanza, tazama kama jicho limefunikwa. Dashibodi zetu twazijua: kofia, risiti za mizani, kitambaa cha urembo, kanda ya kufungia magunia, vyote hukaa pale. Jicho likifunikwa hudhani ni usiku, na taa huwaka mchana kutwa. Hali kadhalika karatasi ya giza iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Mtu akikuambia taa zake hazizimiki adhuhuri, mwambie kwanza aondoe kofia.

Pili, safisha. Vumbi la shamba na utando wa ndani ya kioo hulipunguzia jicho mwanga. Futa jicho, na sehemu ya kioo iliyo mbele yake, kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Usimwagie maji.

Tatu, lijaribu. Weka gari juani, mashine ikiunguruma, swichi kwenye AUTO. Katika baadhi ya gari taa hazijiwashi breki ya mkono ikiwa imevutwa, kwa hivyo iteremshe, magurudumu yakiwa bado na mawe. Lifunike jicho kwa kitambaa kizito cheusi, ukikunje mara mbili tatu. Kidole hakitoshi, maana mwanga hupenya pembeni. Hesabu polepole mpaka kumi. Taa zikiwaka, jicho lina uhai. Ondoa kitambaa, nawe subiri mpaka dakika 5. Zikizimika, mlinzi ni mzima, na ubovu huenda ni wa kuja na kuondoka, kama ule wa kwetu. Basi tazama plagi.

Nne, plagi na waya. Hapa twaomba mtu asifanye haraka. Chini ya dashibodi mna pia waya za mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga. Plagi zake aghalabu ni za rangi ya manjano. Usiziguse. Kabla ya kutia mkono, zima gari, ondoa kichwa cha hasi cha betri, ungoje dakika chache. Kisha tafuta plagi ya jicho, ichomoe, itazame kama ina kutu au kijiti kilichopinda, uirudishe mpaka uisikie ikibana. Kama hivi karibuni palibadilishwa redio, kioo cha mbele au kitu chochote cha dashibodi, anza hapo hapo. Gari hazifanani katika jambo hili: nyingine waya wa jicho ukikatika huchukua kuwa ni usiku, ikawasha taa muda wote, nyingine huacha kabisa kujiwasha.

Tano, swichi yenyewe. Ile inayozungushwa karibu na usukani huchakaa mahali inapotumiwa sana. Itikise kidogo ikiwa kwenye AUTO, jicho limefunikwa. Taa zikicheza pamoja na mkono wako, swichi ndiyo mgonjwa.

Sita, ikiwa taa hujiwasha lakini hukawia, huenda jicho limepangwa liwe zito. Katika gari nyingi fundi mwenye chombo cha kuzungumza na kompyuta ya gari aweza kulipanga upya, na chombo hicho humwonyesha pia kama kompyuta imeandika kosa lolote. Hapo ndipo mahali pa kumlipa fundi, baada ya kumaliza yale matano ya mwanzo.

FUNGU LA B: VIJANA WAGONJWA

Fuata umeme kama mtu afuatavyo mfereji wa maji, kutoka chemchemi mpaka shambani. Usiruke mahali.

Betri. Ikiwa imepumzika na imejaa, mita huonyesha volti 12.6 hivi. Mashine ikiunguruma yafaa ionyeshe baina ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na mashine inakwenda, oltaneta haichaji, na taa si ugonjwa bali ni dalili.

Fyuzi. Ramani yake aghalabu imechorwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Gari nyingi zina fyuzi mbali ya taa ya kulia na mbali ya kushoto. Iliyokatika badili kwa namba ile ile: ya 10 kwa 10, ya 15 kwa 15. Ikikatika tena, mahali fulani waya umechubuka na unagusa bodi; utafute. Wala mtu asitie waya mtupu au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ipate kuungua yenyewe badala ya waya. Ukiizuia kuungua, waya utaungua, na nyuma yako umepakia magunia makavu ya kitu chenye mafuta.

Rilei. Mtu mmoja azungushe swichi, mwingine aweke kidole juu ya rilei ya taa. Ikifanya kazi utaisikia ikigonga "ta". Kama haigongi, tazama katika sanduku kama iko nyingine yenye namba na miguu ile ile, kwa mfano ya honi, uzibadilishane. Taa zikiwaka na honi ikinyamaza, umekwisha kumpata.

Globu. Pikapu nyingi hutumia globu ya H4 yenye nyuzi mbili ndani, wati 60 za fuli na wati 55 za dimu. Uzi mmoja waweza kukatika na wa pili ukabaki, kwa hivyo dimu hufa na fuli ikawa hai. Lakini globu za pande mbili kufa dakika moja ni nadra sana. Taa zote zikizimika kwa pamoja, usizilaumu globu. Tafuta mahali ambapo njia zao hukutana. Unapotia globu mpya usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya mkono hubaki pale, hupata moto, na huiua kabla ya siku zake. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti na kitambaa safi.

Ethi na plagi. Hapa ndipo kisiwa chetu kinapoonyesha nguvu zake. Hewa ya chumvi hula shaba na chuma, na ndani ya plagi huota kutu ya kijani. Dalili yake si giza, bali taa za manjano na dhaifu. Tufanye hesabu. Globu ya wati 55 katika volti 12 hunywa ampea 4.6 hivi. Kutu ikizuia kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya omu tu, utakuwa umepoteza karibu nusu volti. Tena mwanga hupungua zaidi kuliko volti: volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Mtu hununua globu kali zaidi kumbe njia ndiyo iliyoziba.

Kupima: taa zikiwa zimewaka, weka mita kwenye plagi ya nyuma ya globu, kisha kwenye betri. Hesabu mbili zikipishana kwa zaidi ya nusu volti, pana mahali panapokula. Fungua skrubu ya ethi karibu na taa, sugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, kaza, upake grisi kidogo juu yake. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya msimu.

Globu za LED. Siku hizi huuzwa kwa wingi mijini, na watu huzipenda kwa weupe wake. Lakini baadhi ya gari hupima umeme unaonywewa na globu; LED hunywa kidogo, nayo kompyuta hudhani globu imekufa, ikatoa onyo au ikaifanya icheze. Tena taa iliyoundwa kwa globu ya uzi, ikitiwa LED, yaweza kutawanya mwanga ukampofua anayekuja mbele. Kama gari yako imetiwa hizo na ina ubovu, rudisha kwanza globu za asili ndipo uanze kutafuta.

MWANGA UNAODANGANYA

Sasa turudi kwenye ile jioni yetu. Kwa nini dereva, mtu mwenye akili zake, alikwenda gizani asijue?

Gari nyingi za siku hizi zina taa ndogo za mbele za mchana, ambazo huwaka mara mashine inapowashwa ili gari ionekane. Dashibodi nayo, katika gari nyingi, hung'aa wakati wote. Vitu hivi viwili humwambia dereva kwamba taa zimewaka. Zamani dashibodi ikiwa giza, dereva alijua hajawasha. Siku hizi ishara ile imeondoka. Na taa za mchana, katika gari nyingi, haziwashi chochote nyuma. Taa za nyuma huwaka pamoja na taa kubwa au taa ndogo za usiku tu. Basi jicho likilala, mbele pana mwanga wa kudanganya na nyuma hapana kitu.

Katika barabara zetu jambo hili ni kubwa. Jua huzama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Haifiki nusu saa. Chini ya mikarafuu, au katika njia ipitayo msitu wa Ngezi, giza hutangulia. Na ndiyo saa ambayo wachumaji wanarudi kwa miguu, watoto wanatoka chuoni, na baskeli zinakwenda bila taa.

Kwa hivyo twawaomba madereva wote wa wanachama washike desturi hizi tatu:

1. Jioni kabla ya kuondoa gari, teremka uizunguke. Tazama nyuma kwa macho yako. Kama huna mtu wa pili, sogeza nyuma ya gari karibu na ukuta, utaona wekundu ukutani.

2. Tazama dashibodi alama ya kijani ya taa. Gari nyingi zinayo. Isipokuwapo, taa kubwa hazijawaka, hata dashibodi ing'ae namna gani.

3. Ukiwa na shaka ndogo, washa kwa mkono, wala usirudi kwenye AUTO mpaka ubovu umeonekana. Hakuna aibu katika kuwasha taa kwa mkono. Baba zetu waliwasha hivyo maisha yao yote. Ila ukifika, kumbuka kuzizima, betri isije ikalala.

ZIKIZIMIKA NJIANI

Usikanyage breki kwa ghafla. Aliye nyuma hakuoni. Zungusha swichi kwa mkono mara moja. Zisipowaka, jaribu fuli. Zisipowaka nazo, washa taa za hatari zinazopepesa, punguza mwendo, na utoke barabarani mahali pa kwanza penye nafasi. Wateremshe watu, wakae mbali na njia. Mtu mmoja asimame nyuma na tochi.

Kisha usiendelee. Twajua kishawishi: kituo si mbali, mwezi unang'aa, mzigo umetimia. Lakini karafuu kavu katika magunia mazuri, ikifunikwa turubai, hailalamiki ikilala usiku mmoja. Ikiwa ni mbichi, omba sakafu au majamvi kwa mwenye nyumba wa karibu, uitandaze isilundikane ikapata joto. Hasara yake, kama ipo, hulipika. Mtu aliyegongwa gizani halipiki.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni kwa sauti barazani, mjibizane. Majibu yote yamo ndani ya somo.

1. Taa za Bwana mmoja zinawaka mchana kutwa zikiwa kwenye AUTO. Atazame kitu gani kwanza, kabla ya kwenda kwa fundi?

2. Taa zimekataa kujiwasha, lakini kwa mkono zimewaka zote. Fundi asema nunua globu mbili. Utamjibu nini?

3. Taa kubwa za pande zote mbili zimezimika kwa pamoja. Kwa nini si busara kuanza na globu?

4. Dashibodi inang'aa na mbele pana mwanga mdogo. Je, waweza kusema kwa yakini kwamba taa za nyuma zimewaka? Utajuaje?

Ndugu zetu, hatukuandika haya kwa kuwa sisi ni mafundi. Tumeandika kwa kuwa tulipakia watu saba juu ya magunia tukawapeleka gizani bila taa, na Mungu akatunusuru. Jicho la gari ni msaada kwa jicho la mtu, wala halikuwekwa kushika mahali pake. Mlinzi wa sakafu hata awe hodari, mwenye karafuu hutoka mara moja akatazama mbingu mwenyewe.

Mwenye pikapu na aizunguke leo jioni. Na atakayekuta ubovu ambao hatukuutaja, atuletee habari, tuuandike hapa wafaidike wengine.